Miche Kumi Niliyoipeleka Rhamu

Nilitoka Garissa kwa sababu ya nyanya. Misimu miwili zilininyaukia zikiwa na maua, na wenzangu tuliotumia mfereji mmoja kutoka Tana wakasema nikishindwa tena, kiwanja changu atapewa mwingine. Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni. Dereva wa lori akaniambia kuna Mama Halima huko Rhamu ambaye nyanya zake hazinyauki. Nikadhani siri ni mbegu yake. Nikaomba pasi ya kusafiri bomani, nikapanda juu ya magunia ya sukari, mimi huyo nikaondoka nikiimba.

Wajir tulifika siku ya pili. Vumbi lilinipaka mpaka kope, nami nacheka tu. Wenzangu waliposhuka kunywa chai, mimi niliinywesha kwanza miche yangu kumi ya nyanya, niliyoibeba kwenye debe la udongo wa shambani kwangu. Ilikuwa zawadi. Ningeendaje kwa watu mikono mitupu?

Rhamu, siku ya nne, asubuhi. Kando ya mto Daua mashamba yalikuwa mabichi hata nikataka kuruka. Nikamkimbilia Mama Halima, debe kifuani.

"Walaal, ndugu yangu, simama hapo hapo!" alipiga kelele. Aling'oa mche mmoja, akalipasua shina kwa kisu. Ndani mlikuwa na mstari wa kahawia. "Hii iko na ugonjwa. Imetoka kwa udongo yako."

"Lakini mama, majani bado mabichi!"

"Ngamia ya mgeni iko na upele. Wewe utailaza na ngamia yako?"

Niliona aibu, kisha tukacheka wote wawili mpaka machozi. Miche akaichoma, udongo akaukaanga motoni, na miguu yangu ikasuguliwa kwa majivu na maji moto ndipo nikaruhusiwa kuingia. Palipotoka nyanya, alinionyesha, yeye hupanda mtama miaka kadhaa mpaka ugonjwa ufe udongoni.

"Na ile imenyauka unafanya nini?" aliniuliza.

"Naitupa mferejini."

"Subhanallah! Choma, walaal. Maji inabeba ugonjwa kwa jirani."

Kicheko kikanikauka.

Garissa nilirudi nikiogopa kweli. Nikawakusanya wenzangu, nikakiri yote. Mwenye shamba la juu mferejini akakohoa: "Mimi pia hutupa humo." Wa pili akainua mkono. Wa tatu.

Nilikwenda kutafuta mbegu bora, nikajifunza kuwa udongo nao huuguzwa. Msimu ule mfereji mzima tulipanda mtama. Kiwanja changu hakikuguswa. Angepewa nani?