Siku Niliyomng'ata Mwanamieleka

Juzi, kwenye simu, nilimwona mwanamieleka mstaafu akieleza lugha yao ya ndani. Alisema kwao "kuuza" ni kupokea pigo kwa namna ya kumfanya mwenzako aonekane ana nguvu kuliko alivyo. Nikamkumbuka mjomba Masanja.

Alicheza mieleka pale Bariadi, juu ya turubai lililotandikwa kwenye magunia ya pamba, na mahali pote palinuka vumbi na jasho. Mchana mmoja nikiwa mtoto, kabla ya pambano, nilimsikia mpinzani wake, pande la mtu kutoka Mwanza, akimnong'oneza, "Masanja, leo niuzie vizuri."

"Nitakuuzia, kaka," mjomba akajibu.

Mimi nilijua kuuza pamba na ng'ombe tu, na ng'ombe akiuzwa harudi nyumbani. Kwa hiyo mjomba alipobamizwa chini akaanza kugumia, niliamini ndiyo ameuzwa, harudi tena. Nikapanda pale juu nikamng'ata yule bwana mguuni kwa nguvu zangu zote.

Mjomba alinong'ona bila kufumbua macho, "Shuka, mpwa wangu. Niko kazini."

Yule bwana alinitazama kidogo. Kisha akapiga yowe, akarukaruka kwa mguu mmoja, akaanguka chali na kutulia. Akina mama wakapiga vigelegele.

Shuleni nilitamba kwa miaka kwamba nimewahi kuangusha mtu mzima. Sasa najua kwamba yule bwana, huku mguu ukimtoka damu ya kweli, aliniuzia.