Uzi Mwekundu wa Zarwali

Zarwali alikuwa fundi wa silaha hapa Darra, mji wetu wa mafundi wa bunduki, karakana yake ikipakana na yangu ninapochonga mipini. Sijapata kuona fundi mwenye wasiwasi kama yeye. Mtaani kwetu desturi ni kwamba anayetengeneza silaha ndiye anayepiga risasi ya kwanza, kuelekea mlimani, kabla mwenye mali hajaigusa. Zarwali aliongeza lake: silaha ambayo haijajaribiwa aliitundika msumarini na kuifunga uzi mwekundu kwenye kifyatulio. Tulimcheka sana.

Torsam, kijana wa kijiji cha jirani, alipomletea rivolva kubwa ya babu yake, akitaka ikubali risasi za aina tatu kwa kuwa zile za asili zimeadimika sokoni, Zarwali alikataa. Alisema chuma kile kimezeeka, na kukichimba zaidi ni kutafuta balaa. Torsam hakubishana. Alimtuma mama yake, bibi Zarghuna, akaja nyumbani kwa Zarwali na kuitandika shela yake kizingitini. Kwetu mama wa mtu akikuomba hivyo, huna la kusema. Hila ya kijinga, nayo ilifaulu.

Basi akaifanya kazi, na usingizi ukampaa. Kutwa nilimwona akiigonga silinda, ile inayobeba risasi, kwa msumari, akiisikiliza, akiigonga tena.

“Inalia vibaya,” aliniambia.

“Mrudishie basi.”

“Na yule mama nimwambie nini?”



Zarwali alipokwenda mji wa Kohat kumzika ami yake, karakana akamwachia shemeji yake, Spin Gul. Siku hiyohiyo Torsam akaja mbio, maana ndiyo siku ya harusi yake. Spin Gul akatia risasi moja, akapiga mlimani, akakata uzi, akamkabidhi. Zarwali aliporudi aliukuta uzi sakafuni.

“Umepiga risasi ipi?”

“Ile ya asili. Si desturi ni risasi moja, shemeji?”

“Ile ndiyo pole kuliko zote, punda wewe. Hizo aina mbili nyingine nani amezipiga?”

Hakuna aliyezipiga. Hata mimi, kusema kweli, nisingelifikiria hilo.

Nilimpakia Zarwali kwenye pikipiki yangu. Tulipokaribia kijiji cha Torsam, ngoma zilikuwa zimeshika moto na vijana walishaanza kurusha risasi hewani. Kila mlio, Zarwali alinibana kiuno hadi nikaumia. Niliogopa pamoja naye, na nilikasirika pia, kwa sababu mjinga mmoja alikuwa karibu kuupoteza mkono wake kwa sherehe.

Nilimwambia twende moja kwa moja kwa bwana harusi. Akakataa. Alisema ukimwambia Torsam mbele ya wakwe zake kwamba bastola ya babu yake ni mbovu, ataipiga papo hapo kukuonyesha. Akazunguka hadi mlango wa wanawake, akavua kilemba chake, akakiweka kizingitini, akaomba aitiwe bibi Zarghuna.

Bibi akatoka, akakitazama kilemba.

“Umempa nini mwanangu?”

“Nimempa ulichoniomba, mama. Sasa na mimi nimekuja kukuomba.”

Bibi alielewa. Alijifunika, akapita katikati ya wanaume, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akamnyooshea mwanawe kiganja mbele ya watu wote. Torsam alikuwa amekwisha kuinua mkono wenye rivolva. Uso ukamwiva kwa aibu, lakini mama ni mama. Akampa.

Siku ya pili tuliifunga rivolva kwenye tairi kuukuu nyuma ya ukuta, tukavuta kifyatulio kwa kamba ndefu, na ile risasi kali kuliko zote ndani. Silinda ilipasuka, kipande kikachimba ukuta.

Torsam alikuwepo. Alikuja amenuna, akidai fidia ya aibu yake. Alikiangalia kile kipande, kisha akamnyooshea Zarwali mkono. Zarwali aliupokea kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia upesi. Akawa anavipapasa vidole vya Torsam, kimoja, kisha kingine, mpaka akafika cha mwisho, vyote vizima, ndipo akaanza kulia.