Kitabu cha Jumatatu ya Pasaka

Ukitaka kujua katika familia nani anakwenda kupumzika na nani anakwenda kazini, watazame wanavyoingia garini. Mervyn Hartigan aliingia na kofia yake na fimbo ya kuvulia samaki, akafunga mlango. Mkewe Glenys aliingia baada ya kurudi ndani mara tatu: kufuata dawa za Mervyn, kufuata vigingi vya hema, na kuhakikisha jiko limezimwa. Alipokaa alikuta mfuko wa viazi umewekwa mahali pa miguu yake. Akaikalisha miguu juu ya viazi, wakaondoka, gari likikokota karavani, lile trela lao la kulala.

Glenys alikuwa na miaka sitini na mmoja. Siku tano za wiki alipika katika nyumba ya kutunzia wazee pale Wangaratta. Walikuwa wazee arobaini na wawili, wengine wamekatazwa chumvi, wengine hawana meno, na mmoja akiapa kila mchana kwamba hajaletewa chakula tangu juzi. Kazi hiyo aliiweza wala hakuilalamikia, maana ilikuwa na saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kilichomchosha kilikuwa likizo.

Kila Pasaka, kwa miaka thelathini na mmoja, akina Hartigan walipanda bonde la mto Ovens wakakaa siku nne kwenye kambi ya makaravani, kiwanja namba kumi na nne, ukingoni mwa mto. Ndio wakati wake mzuri: joto limekwisha, theluji bado haijaanguka milimani, na miti yote ya bondeni imegeuka manjano na nyekundu. Watu huendesha gari kwa saa nne kutoka Melbourne kuja kuyapiga picha majani yale. Glenys aliyajua kwa upande wake wa pili. Yalijaa juu ya turubai, yakaziba mfereji, yakaingia kwenye sufuria ya chai, na kila asubuhi aliyafagia.

Kiwanja cha mtoni hakipatikani kwa fedha peke yake. Pale ofisini kuna kitabu, na kila Jumatatu ya Pasaka, kabla ya saa nne asubuhi, mwenye kiwanja huandika jina lake kwa mwaka unaofuata. Asipoandika, kiwanja huenda kwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaongoja, na akishakipata huyo, kimekwenda. Wapo waliongoja miaka tisa. Wapo ndugu waliogombana msibani, marehemu hajazikwa, kwa sababu ya nani ataandika. Na aliyeandika jina ndiye mwenye Pasaka. Yeye hupiga simu kuuliza nani anakuja, hununua, hupakia, hupika, hukung'uta mashuka, na mvua ikinyesha hutazamwa kana kwamba ameiagiza. Kwenye kiwanja namba kumi na nne jina lilikuwa la Glenys tangu mwanzo.

Mwaka huu alikuwa ameamua kutoliandika.

Aliamua Februari, kazini, akimenya karoti, na hakumwambia mtu. Alijua atawaumiza. Binti yake Tegan alijifunza kutembea kwenye nyasi za kiwanja kile. Watoto wa Tegan hawakujua Pasaka nyingine, na Mervyn alikuwa na kiti chake, mahali pake pa kuvulia samaki, na hadithi zake za kila mwaka. Unawezaje kuwaambia watu unaowapenda kwamba furaha yao imekuchosha? Glenys hakuweza. Aliona afadhali asubuhi ya Jumatatu ipite tu, saa nne igonge, kisha aseme alisahau.

Ijumaa Kuu walikula samaki, kama kawaida. Tegan alikuwa amefika na mumewe Brodie na watoto wawili, na wote walikuwa wamekaa kulizunguka pipa la moto.

"Mama, kaa basi," Tegan alisema, naye amekaa. "Umesimama tangu tufike."

"Nikikaa nani atawageuza samaki?"

"Watajigeuza," akasema Mervyn kutoka kitini. "Samaki wa mto huu wana akili."

"Kukushinda wewe, hilo sibishi. Mwaka wa ngapi huu hujaleta hata mmoja? Hawa nimewanunua dukani."

Wakacheka, Mervyn akiwa wa kwanza, na hakuna aliyenyanyuka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Glenys alikuwa na wageni wa miaka thelathini na mmoja, na hilo jembe hajawahi kumpa hata mmoja wao.

Wakati ule akapita Renzo na mbwa wake. Renzo alikuwa kijana wa Myrtleford, babu zake walikuwa wakulima wa tumbaku waliotoka Italia. Yeye na mkewe Simone walikuwa na hema dogo huko juu, karibu na vyoo, na jina lao ndilo lililokuwa la kwanza kwenye orodha ya wanaongoja. Kila alipopita kumi na nne alipunguza mwendo.

"Renzo," Mervyn akamwita, "bado hatujafa."

"Sina haraka, mzee. Nampitisha mbwa tu."

"Mbwa gani anapima kiwanja kwa hatua?"

Renzo akacheka kwa aibu akaenda zake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye alikuwa ameinama mwaka wa tisa huu.

Jumamosi mvua ilinyesha kutwa. Watu wazima walicheza karata ndani ya karavani, na Glenys akawa anavuka matope kati yao na banda la jiko, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Jumapili aliamka kabla ya ndege, akaficha mayai ya chokoleti chini ya majani yaliyolowa ili watoto wayatafute, mgongo ukimuuma kila alipoinama. Watoto walipoyapata walifurahi, na yeye pia alifurahi. Si kwamba hakuwapenda. Aliwapenda mpaka hapo, na mwili ukamwambia basi.

Mchana ule alikuwa peke yake kwenye banda la kuoshea vyombo, mikono imezama kwenye maji ya mafuta, akawaza kwamba akilala pale pale kwenye saruji atalala mpaka kesho. Mjukuu wake mdogo akachungulia mlangoni.

"Bibi, Mama anauliza kama keki imebaki."

"Mwambie Mama ana miguu."

Mtoto akamtazama, hakuelewa. Glenys akaona haya, akapangusa mikono, akaenda kukata keki. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye mwenyewe ndiye aliyewazoesha hivyo, kwa kuubeba kila mwaka anatabasamu.

Jumatatu wakaanza kung'oa vigingi. Saa tatu na nusu alikwenda ofisini kurudisha ufunguo wa bafu. Alikusudia kuuweka juu ya meza na kuondoka, basi. Renzo alikuwa pale, kofia mkononi, na Simone kando yake amembeba mtoto mchanga. Lorelle, msimamizi wa kambi, akaupokea ufunguo.

"Haya shoga, safari njema. Mambo yako yamekwisha."

"Yapi?"

Lorelle akakigeuza kitabu. Mbele ya kumi na nne palikuwa pameandikwa Glenys Hartigan, kwa mwandiko wa Tegan.

"Alikuja nilipofungua tu. Kasema hataki usumbuke kupanga foleni. Una binti wewe, mshukuru Mungu."

Glenys alilitazama jina lake kwa muda. Alijisikia kama mtu aliyefika kituoni na mizigo yake, akaambiwa arudi nyumbani akaanze upya. Lakini hakusema futa. Kama mtoto anapapenda mahali hapa kiasi hicho, mama atamnyang'anya vipi? Akaitikia kwa kichwa, akatoka, akapita mbele ya Renzo bila kumtazama.

Tegan alikuwa anakunja turubai na Brodie. Mervyn alikuwa amekaa, kwa sababu kiti chake ndicho hupakiwa mwisho.

"Ulikwenda ofisini," Glenys alisema.

"Nilitaka nikushtukize." Tegan alitabasamu. "Najua unavyopapenda hapa."

"Nani alikwambia napapenda?"

Tegan akacheka, kisha akaacha. "Mama, Januari haijaisha umeshatupigia simu mara tatu. Kila mwaka. Brodie angependa mwaka mmoja twende pwani kwa dada yake, nikamwambia haiwezekani, Mama atavunjika moyo. Mimi mwenyewe huwa siku nne hizi silali, baridi hii. Tunakuja kwa ajili yako."

"Nawapigia kwa sababu jina ni langu. Mwenye jina ndiye anayepiga. Nilijua mnapapenda nyinyi." Akamgeukia mumewe. "Si wewe, Mervyn? Wewe na mto wako?"

Mervyn alivua kofia, akaitazama ndani. "Magoti yangu hayajapona baridi ya hapa tangu ule mwaka wa mafuriko. Sikusema. Nilidhani utakasirika."

"Na fimbo ya samaki?"

"Mtu lazima ashike kitu, mke wangu. Wewe una kazi zako."

Brodie aliendelea kukunja turubai, polepole sana, kama mtu anayeomba asiulizwe. Glenys akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Laiti wangepapenda. Uchovu una heshima yake ukijua umemnufaisha mtu, unaweza hata kulala nao vizuri. Wake ulikuwa wa miaka thelathini na mmoja na haukuwa na mwenyewe. Hakuna aliyeuomba, kila mmoja aliuvumilia kwa adabu. Alilia, si sana, wala hakujificha.

"Mama, ningejua ningesema," Tegan alisema, amechuchumaa mbele yake.

"Nami ningejua ningeuliza."

Tegan akamshika mikono, mikavu na myekundu kwa sabuni, akaitazama kama ndiyo kwanza anaiona.

"Saa ngapi?" Glenys akauliza.

"Nne kasoro dakika kumi."

Akainuka. Tegan alitaka kumfuata, akamwambia abaki amsaidie mumewe. Alitembea taratibu juu ya majani, kwa sababu mgongo haukuruhusu zaidi, akawakuta Renzo na Simone wanatoka ofisini kurudi kwenye hema lao.

"Rudini ndani," akawaambia.

Lorelle alipomwona alisimama. "Umesahau nini?"

"Lifute jina langu."

"Glenys. Unajua likishafutwa..."

"Najua. Lifute."

Lorelle akachukua rula, akapiga mstari mmoja ulionyooka. Renzo akaivaa kofia, akaivua tena. Tisa ni miaka mingi. Simone ndiye aliyeshukuru kwa niaba ya wote wawili, huku akimbembeleza mtoto aliyeanza kulia. Alikuwa na weusi chini ya macho, na kwenye bega lake kulikuwa na doa la maziwa lililokauka.

Lorelle akakigeuza kitabu upande wao. Renzo akaishika kalamu, akaitazama nafasi ile tupu iliyo mbele ya kumi na nne, kisha akampa mkewe.

"Andika wewe, mpenzi," alisema kwa upole, kwa moyo mweupe kabisa. "Mambo haya wewe ndiye unayeyajua."

Simone akamhamishia mtoto mkono wa pili ili apate wa kuandikia.

"Hapana," akasema Glenys. "Renzo, andika mwenyewe."

"Kwani kuna tofauti?"

"Ipo."

Akaichukua kalamu mkononi mwa Simone, akamrudishia mume, akasimama pale pale kando ya meza mpaka Renzo alipomaliza herufi ya mwisho ya jina lake.