Ufuo Tulioununua Tusiujenge

Harufu ya omena, dagaa wa ziwani, wa kukaanga ilitutangulia koridoni kila Ijumaa. Jengo letu pale International City, Dubai, lilijaa watu wa kila taifa, na jirani mmoja alizoea kufunga mlango kwa kishindo harufu ile ilipompata. Mama hakujali. Omena wale walikuwa wamesafiri ndani ya sanduku la mtu kutoka kwao, kando ya Ziwa Victoria, na wasingekosa kuliwa kwa sababu ya pua ya jirani. Chumba kilikuwa kimoja, pazia likinitenga na wazazi wangu. Baada ya ibada ya kanisani, ambayo huko ilikuwa Ijumaa, wanachama wa chama chetu cha Wakenya walijibana humo, wengine kitandani kwangu, sahani magotini. Kila mwezi michango yote ilimwendea mmoja wao kwa zamu. Zamu ya Mama ilikuwa imekaribia, nami nilikuwa nimeahidiwa nyumba huko Kenya, yenye chumba changu mwenyewe.

Ndipo habari ikaja kwamba ufuo wa kijiji cha Mama unauzwa. Hapo ndipo bibi yangu alipochota maji na ng'ombe walipoteremkia kunywa. Sasa tajiri mmoja alitaka kuujengea hoteli. Mama akasema zamu yake iununue ufuo, uachwe na mafunjo yake vivyo hivyo, na kwa kuwa zamu moja haikutosha, akawaomba wenzake nao watoe zao. Mjomba Wafula, askari wa hoteli moja ya ufukweni, alicheka mpaka akapaliwa na ugali.

"Yalla, hebu, Mama Akinyi! Ploti bila nyumba? Si heri ununue hewa?"

Wote walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa nakitetea chumba changu.

Ijumaa iliyofuata Mama alinipeleka kuiona bahari. Tulitembea mchangani, maji yakitulowesha miguu, hadi tukafika kwenye mnyororo uliozuia njia. Aliyesimama pale na yunifomu yake alikuwa Mjomba Wafula.

"Samahani, Mama Akinyi," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa ni wageni wa hoteli tu. Supavaiza ananiangalia."

"Fanya kazi yako, ndugu yangu," Mama akamjibu, tukageuka.

Chama kilipokutana tena, Wafula hakutania. "Kazi yangu ni kurudisha watu," alisema. "Huko ziwani kijana wa watu atavishwa yunifomu kama yangu, amrudishe mama yako na ndoo yake. Khalas, basi, zamu yangu chukua." Aisifuye mvua imemnyea. Wengine wakamfuata, wawili wakajitoa kwa manung'uniko, na ufuo ukanunuliwa kwa jina la chama. Siku hiyo nililia kwa hasira nyuma ya pazia, na Mama hakunibembeleza.

Nyumba ile haijajengwa hadi leo. Wazazi wangu wamerudi kwenye nyumba ya bibi, nami bado ni mpangaji Dubai, na siwezi kudanganya kwamba kinyongo kimeniisha chote. Lakini mwaka jana nilikwenda ziwani. Kulia ukuta, kushoto ukuta, na katikati mafunjo, matope na nyayo za ng'ombe. Nilifurahi hata nikaona haya. Msichana alikuwa akiteremka na mtungi, nikamwuliza ufuo huu ni wa nani.

Alinitazama kwa huruma. "Wa nani tena? Ni ziwa tu," akasema, akaingia majini.