Nilivyokemea Herufi za Mama Wulan

Mimi ndio kiongozi wa maombi kwa plot yetu ya nyumba za kupanga hapa Kitengela, na nilisifika kwa mafunuo. Siku hizi hata sukuma wiki naogopa kutoka kununua.

Jirani wetu mpya, Mama Wulan kutoka kisiwa cha Java, alitundika mlangoni kitambaa chenye maandishi yamejikunja kama minyoo. Nikakikazia macho, nikawaambia wamama, "Nimepewa tafsiri. Hii ni laana. Inasema watoto wetu watafeli."

"Ashindwe!" wakapiga kelele.

Pasta akaja na mafuta, akapaka kitambaa chote. Tukakemea mpaka mwenye plot akaapa huyo mama atahama.

Mlango ukafunguka. Mama Wulan akatoka na kijiti mkononi.

"Hizi ni herufi za zamani za kwetu," akasema polepole. "Namfundisha msichana wangu kusoma. Ha, na, cha, ra, ka."

Pasta akaficha chupa ya mafuta kwa koti. Wamama wakanigeukia, mikono bado iko juu.

Mama Wulan akaninyooshea kile kijiti. "Mama Brayo, nimesikia unazisoma kunishinda. Hebu tuonyeshe pale pameandikwa watoto watafeli."