Kasia la Nane

Kila asubuhi mtembeza wageni husimama bandarini Porthgarrow, mbele ya ile mashua kuukuu ya uokoaji, akagonga makasia yake kwa fimbo na kuwataja wapiga makasia waliozama katika dhoruba ya zamani. Vidole vyake vimepinda na sauti inakwaruza, lakini hakosei jina wala tarehe. Morwenna, auzaye mikate yenye nyama ya kaa hatua chache kutoka hapo, huisikia fimbo ile kama anasutwa yeye. Kasia la nane, lisilotajiwa jina, lilikuwa la babu yake, aliyejificha baa siku ile ya dhoruba, na kijiji hakijausamehe ukoo wake. Ndiyo maana Morwenna humwekea mzee huyu mkate wa kaa wa jana.

Leo mgeni mmoja alihesabu. "Mzee, makasia nane, majina saba! Huyo wa nane alichanja mbuga, au?" Wenzake wakaangua kicheko. Fimbo ikabaki hewani. Mzee akamtupia Morwenna jicho, kisha akasema, "Alikuwa na homa, bwana. Hata kusimama hakuweza."

Wageni walipoondoka mzee alikuja dirishani kwa Morwenna, akapokea mkate wake wa kaa wa jana, akautafuna wote taratibu, akapangusa makombo ndevuni.

"Mtamu kama kila siku, bibie."

Morwenna akaliinamia beseni la kaa wa leo, asijue pa kuuweka uso.