Tangawizi Niliyokataa Kuionja

Siku ile ya usichana wangu naikumbuka yote, mwanangu, na leo nitakusimulia bila kukatizwa. Kaa hapo. Simu iweke chini, maana hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa.

Jumapili baada ya ibada ulimwita jirani yetu Mama Rehema, ukampa glasi ya tangawizi mliyoichanganya wewe na wenzako hapa uani. Ilikuwa tamu, ina pilipili, inatoa mapovu. Akakuuliza kuna nini ndani. Ukamjibu, "Iko tangawizi tu, Mama." Ile kanyanga, pombe kali ya kupikwa mliyotia humo, hukuitaja. Mjane wa watu, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, akanywa glasi mbili kwa kukuamini wewe. Akaanza kuyumba na kuimba ovyo, nanyi mkamchukua video. Leo mtaa wetu wote wa Kavimvira umeiona, hadi wabadilisha fedha wa mpakani wanaonyeshana. Tangu siku hiyo mlango wake haufunguki. Nimekasirika, nakuambia wazi. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba upumbavu huo niliutangulia mimi bibi yako, Koko wako.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Dada yangu Neema alikuwa amepata mchumba, Yohana, kijana wa Bijombo, kule mlimani, aliyekuwa akifundisha shule huku chini. Wazee wake wakateremka kuja kuzungumza mahari na baba yetu. Walikuja kwa miguu, wanaume watano, na fimbo zao na makoti mazito ya kule juu, wakafika kwetu wameloa jasho. Kiongozi wao alikuwa Mzee Eliya, baba mdogo wa Yohana, mzee wa kanisa. Siku hizo watu wa ziwani na watu wa mlimani hawakuoana sana, na kila upande ulikuwa na wanong'onaji wake. Wale wazee wakiridhika, Neema ameolewa. Wakiudhika, basi tena.

Kazi niliyopewa ilikuwa kinywaji. Tangawizi yangu ilisifiwa mtaa mzima, na sioni haya kujisifu kwa hilo. Nilikuwa nakwangua maganda kwa kijiko, naitwanga pamoja na pilipili moja nyekundu, moja tu, kisha naichemsha na sukari hadi jikoni kote watu wapige chafya. Naichuja kwa kitambaa, naiacha ipoe, nakamulia ndimu. Limonadi, ile soda ya chupa, naimimina mwisho kabisa, wakati glasi ziko tayari kwenye sinia, ili mgeni aikute bado inachemka mapovu. Hiyo ndiyo yote. Hakuna ufundi mwingine, na haihitaji kitu kingine.

Ningeishia hapo, ingekuwa siku njema. Lakini nilichungulia sebuleni nikawaona wazee wale wamekaa wima, hawacheki, wanajibu neno mojamoja. Nikaudhika. Nikajisemea, hawa leo nitawachekesha. Jikoni kulikuwa na chupa ya kanyanga ambayo mama alimsugulia baba goti lililokuwa likimsumbua. Nikamimina karibu nusu yake. Pilipili na sukari vikaificha, hata harufu ikapotea. Nilicheka peke yangu pale jikoni, mwanangu, kama ulivyocheka wewe Jumapili.

Sasa desturi yetu unaijua, ingawa nyinyi mnaiona ya kishamba. Anayemletea mgeni kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yake, ndipo humkabidhi. Huku kwetu sumu inaogopwa, na mgeni hana njia nyingine ya kuujua moyo wako. Mimi nilikuwa nimeifanya desturi hiyo tangu utotoni, mamia ya mara, bila hata kuifikiria. Siku ile, kwa ajili ya kuwaza mzaha wangu, ilinitoka kabisa kichwani.

Nikaingia na sinia, nikapiga magoti mbele ya Mzee Eliya, nikamnyooshea glasi. Hakuipokea. Alikuwa ananisubiri. Hapo ndipo nikakumbuka. Mwezi mmoja tu kabla nilikuwa nimebatizwa ziwani, nikaahidi mbele ya kanisa zima kwamba pombe haitagusa mdomo wangu. Mchungaji aliyenibatiza alikuwa amekaa hapohapo, ubavuni mwa baba.

"Onja, mutoto wangu," Mzee Eliya akaniambia kwa upole.

"Minye niko nafunga, Muzee."

"Unafunga? Siku ya dada yako?"

Nikainamisha kichwa.

Hebu liangalie jambo hilo vizuri. Mdomo wangu niliulinda usiguse pombe, na papo hapo pombe ileile naisogeza kwenye mdomo wa mzee wa watu. Nimezeeka, nimezika mume, nimelea watoto na wajukuu, na bado nikikumbuka hilo najikasirikia upya. Ulokole gani huo? Nilikuwa najiona safi kwa sababu uchafu nilikuwa nampa mwingine.

Mzee Eliya aliitoa glasi mkononi mwangu, akairudisha kwenye sinia polepole. Wenzake wanne wakasimama bila kuambiwa. Hakuna aliyelitaja neno sumu, lakini kila mtu mle ndani alikuwa analiwaza. Nyuma ya pazia nilimsikia Neema akilia.

Basi shangazi yetu Tabu akatoka jikoni, mikono yake bado ina unga, akaichukua ile glasi na kuinywa yote mbele yao. Kisha akaitazama glasi tupu, nami nikajua ameitambua. Angeweza kabisa kusema, mumeona, hakuna kitu, kunyweni. Nao wangekunywa, na nyumba yetu ingepona aibu. Shangazi hakufanya hivyo.

"Bazee, haiko sumu," alisema. "Iko kanyanga. Huyu mutoto wetu ndiye ametia. Musikunywe."

Nilitegemea Mzee Eliya anitukane. Ningefurahi angenitukana. Alinitazama tu, macho yake yamejaa machozi ya hasira.

"Minye nilikuwa mulevi," akasema, mbele ya mchungaji, mbele ya baba, mbele ya wote. "Bibi yangu alinikimbia na batoto, akarudi kwabo, juu ya hii hii. Miaka kumi na moja sijaigusa. Na weye ulitaka kunirudisha kule juu ya kicheko?"

Wakaondoka. Mikeke, samaki wa ziwani tuliowakaangia, wakabaki kwenye sahani, hakuna aliyewagusa. Yohana aliambiwa atafute mchumba mahali pengine. Neema, niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, akahamishia mkeka wake chumba cha mama.

Baada ya wiki mbili Shangazi Tabu akaniamuru nifunge kikapu. Tulipanda Bijombo kutwa nzima, yeye mbele, mimi nyuma, na njia nzima hakuniambia zaidi ya maneno kumi. Tulipofika, baridi ilikuwa imeniuma hadi meno yanagongana. Aliyetupokea alikuwa mke wa Mzee Eliya, yuleyule aliyewahi kumkimbia na watoto akarudi baadaye. Alijua mimi ni nani. Aliingia ndani akatoka na maziwa, akayaonja mbele yangu, kisha akanikabidhi kwa mikono miwili. Mimi! Mwanamke aliyekuwa na haki ya kunifungulia mbwa akanionjea maziwa ili niyanywe bila hofu. Nililia kwa sauti, na maziwa yakanimwagikia kifuani.

Niliwaomba msamaha wote wawili nikiwa nimepiga magoti. Kisha Shangazi akanionyesha kikapu kwa kidole. Nikapika tangawizi kwenye jiko la mama yule, mlango wazi, Mzee Eliya amesimama kizingitini, na kila nilichotia nilikitaja kwa jina kabla ya kukitia. Nikamimina limonadi, nikaonja, nikampa. Alikunywa nusu, akakohoa sana.

"Iko kali," akasema. Akamaliza iliyobaki, ndipo akamwambia Shangazi watarudi kwetu mvua zikipungua.

Walirudi, na Neema akaolewa. Lakini usidhani kila kitu kilirudi kama zamani. Siku ya harusi dada yangu hakuniruhusu kushika hata glasi moja. Nilishinda nyuma ya nyumba nimevaa gauni langu jipya, namenya ndizi, na sikuthubutu kunung'unika kwa sababu alikuwa na haki.

Basi sikiliza ninachokuagiza, na sitaki mabishano. Tangawizi pika, hata kila Jumapili, na mapovu na pilipili na nanasi ukitaka. Ukitia pombe, sema ni pombe, kabla mtu hajainua glasi. Anayekataa mwache, wala usimdadisi, maana hujui alipita wapi na aliacha nini ili afike alipo. Dawa za presha anazomeza Mama Rehema ulizijua? Hukuzijua. Ungemzika kwa mchezo wako! Na kinywaji chochote ambacho wewe mwenyewe usingekinywa mbele ya mgeni, kimwage.

Kesho asubuhi nenda kwa Mama Rehema kwa miguu yako. Usimtumie ujumbe. Asipofungua, kaa mlangoni mpaka afungue, hata kama ni mpaka jua lizame. Video ifute, na wote uliowatumia waombe waifute, ingawa najua haitafutika yote. Halafu Jumapili utasimama kanisani, wewe, mbele ya kwaya yake, useme kwamba mama huyu si mlevi, ulimdanganya. Utatetemeka. Tetemeka, lakini useme. Siku zote hizi amebeba ndani ya nyumba yake aibu ambayo si yake. Ni yako. Nenda ukaipokee.

Nami nitakuwa nimekaa benchi la mbele, nikikutazama, ili usianguke. Mungu akulainishie ulimi katika kusema kweli, mwanangu. Awarudishe watu mezani kwako, na akupe mikono ambayo mgeni atapokea glasi kutoka kwayo bila moyo wake kushtuka.